Hatua Thelathini na Nne Kabla ya Usingizi

Kutoka kitanda cha kungojea mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, ambacho sisi wote tunakiita thieta, ni hatua thelathini na nne. Zangu mimi, na mimi ni mfupi. Daktari Barasa wa usingizi, mrefu yule, angezimaliza kwa ishirini. Nazitaja mapema kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa hapo, na nyinyi mnaobaki mtazipita kila siku mkidhani ni korido tu.

Sista Makena, muuguzi wetu, ndiye aliyenipa hili daftari wiki ile niliyoaga. Akaniambia, "Mama Ndinda, andika. Hawa wasichana wapya wanajua kompyuta, lakini hawajui vile ulikuwa ukifanya." Nikamwambia shule nilifika darasa la nne, tena hilo la nne sikulimaliza, mbuzi walinihitaji zaidi. Akasema, "Andika vile unaongea." Basi naandika vile naongea, na mkiona nimepotea njia ngojeni, nitarudi. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Hayo hayajawahi kumsaidia mgonjwa kulala.

Kwa asiyetujua, kliniki yetu ni ya watu wanaotafuta mtoto. Mama anadungwa sindano siku kumi, kumi na mbili hivi, mayai yanaiva ndani. Halafu anadungwa ile ya mwisho, ya kuyalegeza, na kutoka hapo ni kuhesabu saa. Yakipitisha saa zake yanajitoa yenyewe na hakuna wa kuyafuata. Kwa hivyo siku hiyo analetwa asubuhi, analazwa usingizi kidogo, na daktari anayatoa kwa sindano ndefu. Yanapelekwa maabara yakutane na mbegu za baba. Kazi yenyewe haifiki nusu saa. Lakini huo usingizi, ndugu zangu! Nimeona mwanamke aliyevumilia sindano zote hizo bila kukunja uso, akifika kwa usingizi anashika chuma cha troli mpaka kumbandua ni kazi.

Mimi niliingia hapo kusafisha sakafu. Siku ya tatu, yule bwana wa kusukuma troli hakuja, na mpaka leo hajaja. Sista Makena, wakati huo akiwa mwembamba na mkali, akaniangalia mikono. "Mama, una nguvu?" Nikamwambia, "Nimebeba maji Shauri Moyo tangu mabomba yakauke." Akasema, "Basi sukuma."

Ile troli ilikuwa na gurudumu moja la kushoto lenye roho mbaya. Lilikuwa linavuta upande wake na kulia kama mbuzi wa sikukuu. Mama niliyemsukuma siku hiyo aliinua kichwa akauliza, "Hiyo ni nini inalia?" Nikamjibu, "Gurudumu." Akasema, "Mimi nilidhani ni mtu." Nikaona hapana. Jumamosi nikalifungua hilo gurudumu kwa ruhusa ya Sista, nikalifunga kwa leso, nikalipeleka kwa fundi wa mikokoteni nyuma ya soko la Gikomba. Akaligeuzageuza. "Hii ni ya mkokoteni gani?" "Wa watu." Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Lakini aliweka beringi safi, na Jumatatu troli ilikuwa kimya kabisa.

Sasa mnajua mama wa kwanza Jumatatu alisema nini? Alisema, "Mbona imenyamaza hivi, kama jeneza?"

Hapo ndipo nilipoanza kuongea na wagonjwa. Sikufundishwa na mtu. Gurudumu lilinyamaza, ikabidi mimi niseme.

Mambo madogo nilijifunza kwa macho. Miguu baridi ndiyo mlango wa hofu, kwa hivyo nilinunua soksi Gikomba, nikazifua kwa maji ya moto, na kila mama alivaa jozi kabla ya kulala kwenye troli. Pete ya ndoa msimvue kama haitoki, mtamliza bure. Izungushieni plasta, Daktari anakubali. Hirizi ya kiunoni mwombeni mwenyewe aishike mkononi mpaka mlangoni, halafu mumkabidhi mtu wake mbele ya macho yake. Na lile neno nusukaputi, ambalo wazee wetu walilitumia, mimi nililipiga marufuku kwenye korido yangu. Mtu tayari anatetemeka, halafu unamwambia atakuwa nusu ya kitu gani? Sema dawa ya usingizi. Viatu pia. Nilivaa akala za Kariokor, zile za tairi, kwa sababu viatu vyeupe vya thieta viliteleza kwenye sakafu yenye maji. Sista Makena aliziona akashika kiuno. "Hizo ni za kulisha ng'ombe." Tukapelekana kwa Daktari Barasa kama watoto. Akaziinua, akazitazama soli, akasema, "Hazitelezi. Zioshwe na zisitoke nje." Nimestaafu nazo.

Daktari Barasa ndiye alikuwa daktari wetu wa usingizi. Nasema alikuwa, lakini yuko hai, ameenda kulima miwa na kugombana na shemeji zake. Watu hudhani daktari wa usingizi anadunga sindano halafu anakaa kusoma gazeti. Mimi pia nilidhani hivyo mwezi mzima, mpaka siku moja nikabaki ndani nikamwona. Mtu mrefu vile, amekaa kwenye kistuli kifupi, magoti karibu na masikio, mkono mmoja chini ya kidevu cha mgonjwa, macho kwenye kifua chake, hapepesi. Nikamuuliza baadaye, "Daktari, huwa unaangalia nini?" Akasema, "Naangalia kama kinapanda." Kila mgonjwa, miaka yote hiyo, kama ni wa kwanza.

Sasa nifike kwa lile jambo ambalo sikutaka kuliandika.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka mtaa wa Lucky Summer. Jina lake nalijua na nitazikwa nalo. Alikuwa mpole, mshonaji, vidole vimejaa alama za sindano. Karibu hatua ya kumi akanivuta aproni.

"Mama, nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Nilikunywa chai. Kidogo tu, na nusu mandazi. Nilishikwa na kizunguzungu nikaona nitaanguka njiani. Usiwaambie, tafadhali. Nimengoja hii siku miaka tisa."

Nikamwambia, "Hata mimi sijasikia."

Maneno matatu. Nilijiona mtu wa maana, mwenye kifua cha kuweka siri. Nikamsukuma mpaka ndani nikasimama kando na kitambaa changu. Alipolala tu, dakika haijaisha, chai ikarudi. Nilimwona Daktari Barasa akiruka kutoka kwa kile kistuli kama mtu wa miaka ishirini. Akamgeuza ubavu, akainamisha kichwa cha kitanda, mpira wa kuvuta uchafu ukaingia mdomoni, Sista anaita oksijeni, na rangi ya yule mama inakwenda. Sijui ilikuwa muda gani. Mimi nilikuwa nimeshika miguu yake yenye soksi.

Alipona. Alilala hospitali kubwa siku nne kwa ajili ya kifua. Lakini kazi iliachwa katikati, na mayai yake hayakutolewa. Hakurudi kwetu tena.

Mchana Daktari Barasa alinikuta nyuma, mahali pa kuanika shuka. "Alikwambia?" Nikasema ndiyo. Nilingoja anifukuze. Badala yake akachukua kasha la glavu, akachora mabomba mawili kwa kalamu. "Hili la chakula, hili la hewa. Hapa juu kuna mlango, na mlango una askari. Ukilala kwako nyumbani, askari yuko macho. Dawa yangu inamlaza hata askari. Kitu kikirudi juu, kinaingia kwa hewa." Akanipa lile kasha. "Mimi namuuliza mgonjwa kama amekula akiwa na mume wake pembeni, mama mkwe pembeni, na karatasi mbele yake. Wewe ndiye wa mwisho kumsikia akiwa peke yake. Usinifiche tena, Mama Ndinda."

Kipande cha lile kasha ninacho mpaka leo, kwenye Biblia.

Baada ya hapo nilianza kusikiliza lile swali lenyewe. Umekula? Jamani, sisi watu wa mitaa ya Eastlands tukiulizwa hivyo tunatafuta ugali kichwani. Tusipouona tunasema hapana, na hatujadanganya. Chai ni kupasha tumbo moto. Uji wa bibi ni heshima, unaukataaje? Maziwa ya kumezea dawa ni dawa. Maji ya mchungaji ni baraka. Mtu anaweza kuwa na hivyo vyote tumboni na akaapa mbele ya Mungu hajala.

Nikaacha kuuliza. Nikaanza kusema hivi: "Nisimulie asubuhi yako. Nani aliamka wa kwanza kwenu?" Basi. Halafu unasukuma pole pole na unanyamaza. Mtu akianza kusimulia hawezi kuruka. Aliamka, akaoga, jirani akagonga, mtoto wa jirani alikuwa analia, mama mkwe akaleta kikombe. Kikombe kinakuja chenyewe. Na jambo la pili, ambalo sikulitarajia: mtu anayesimulia anapumua. Hofu inataka mtu ashikilie pumzi, hadithi haimruhusu. Wengi walifika mlangoni wakiwa wametulia kabisa, Daktari anauliza, "Huyu umempa nini?" Namwambia, "Nimempa nafasi."

Huo ndio utaratibu wangu. Sasa niwaambie siku huo utaratibu ulipojaribiwa.

Nitamwita Halima. Alikuwa wa Majengo, Pumwani, mumewe anauza viatu kwa jumla. Daktari wetu wa mayai, yule mama mwenye miwani, alikuwa amewaambia waziwazi: mayai ya Halima yamebaki machache, safari hii sindano zimekubali, safari nyingine hazitakubali. Haya ndiyo ya mwisho. Alipangiwa saa tatu asubuhi.

Nilimkuta kitandani akitetemeka mpaka shuka inatikisika. Kando yake alikuwa mama mkwe wake, Bi Zuhura, amekaa wima ndani ya buibui kama hakimu, mkoba mapajani. Nikamvalisha Halima soksi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, watu wote huamka?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mamangu alilazwa usingizi wa upasuaji nikiwa na miaka tisa. Hakuamka."

Bi Zuhura akamshika mguu. "Mwanangu, usiogope. Kila kitu kimeshafanywa."

Sikio langu likasimama. Kila kitu gani? Karatasi ilikuwa imeandikwa hajala, sahihi ipo, ya mume ipo. Nikatoa breki, tukaanza.

"Nisimulie asubuhi yako, Halima. Nani aliamka wa kwanza?"

"Mama mkwe. Kabla ya adhana."

"Akaja kukuamsha?"

"Nilikuwa macho. Nani angelala? Akaniambia nitie udhu, tukaswali pamoja."

"Halafu?"

"Halafu akaleta sahani."

Nikapunguza mwendo. "Sahani."

"Si ya chakula, mama! Ya kombe."

Mimi ni Mkamba wa Kangundo, mtu wa kanisa, lakini nimealikwa Majengo kwa arusi na matanga, kombe nalijua. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yanaoshwa kwa maji ya marashi, na mwenye shida anayanywa. Maji ya saa tatu zilizopita yasingemsumbua Daktari Barasa. Ningeweza kuishia hapo nikafurahi. Lakini hadithi ilikuwa haijafika mlango wa nyumba yao.

"Ukanywa. Halafu?"

Nikasukuma pole pole.

"Halafu maziwa. Kikombe. Na tende tatu. Mama mkwe alisema kombe halikai kwa tumbo tupu, litatoka bila kufanya kazi."

"Saa ngapi hiyo?"

"Kumi na mbili kasorobo."

Nikasimamisha troli. Hatua ya ishirini na mbili. Katikati ya korido, mahali ambapo hakuna mtu husimama. Halima akaelewa kwa nini nimesimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, usiseme. Nakuomba. Wataniambia nirudi kesho, na kesho hayapo. Wallahi sina mengine."

"Nikinyamaza, tunaweza kukukosa wewe."

"Lakini hilo kombe nililinywa ili niamke!"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nasema. Mimi pia nataka uamke."

Akalia. Na mimi niwaambie ukweli, miguu yangu ilikuwa inataka kwenda. Ningesukuma tu. Labda maziwa yangekaa chini, labda yasingekaa. Nilikuwa nimeshaona yasipokaa. Na nilijua pia kwamba nikisema na mayai yapotee, huyu binti atanikumbuka maisha yake yote kama yule mwanamke wa akala aliyemmalizia uzazi. Nikafungua mlango wa thieta kwa kiwiko, nikaita, "Daktari Barasa, njoo nje."

Akaja. Nilikuwa nimeshapanga maneno, maana nilijua Halima anaogopa kuchekwa kuliko kitu kingine. "Daktari, huyu ameombewa alfajiri. Dua ilikuja na kikombe cha maziwa na tende tatu. Kumi na mbili kasorobo."

Hakucheka. Hakukunja uso. Akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa Halima.

"Nani aliandika kombe?"

"Mwalimu wa chuo cha Kurani. Wa karibu na kwetu."

"Anaandika vizuri?"

"Ndiyo."

"Sawa. Hiyo kazi imefanywa na mwenyewe. Tufanye yetu." Akamweleza pole pole. Kwa sababu ya maziwa na tende hawezi kumlaza kabla ya karibu saa sita mchana, na mayai hayawezi kungoja mpaka hapo. "Lakini kuna njia nyingine. Tunaweza kuyatoa ukiwa macho. Tunakutia ganzi huko ndani, na nakupa dawa kidogo ya maumivu, ile ambayo haimlazi askari wa koo lako. Mimi nakaa kichwani kwako na vyombo vyangu vyote tayari. Ukisema acha, tunaacha."

Halima akafuta macho. "Kwa hivyo silali?"

"Hulali."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Basi huyo binti, aliyekuwa akitikisa shuka, akatoa pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu ana miaka tisa. Halafu akakumbuka. "Itauma?"

"Itauma," Daktari akasema. Nilimpenda kwa hilo. Mwingine angesema atasikia kama mdudu amemuuma.

Wakati huo Bi Zuhura alikuwa ameshafika. Hakuna mlango wa kliniki unaozuia mama mkwe. Aliposikia, akaweka mkoba sakafuni.

"Nani amesema kombe ni chakula?"

"Hakuna aliyesema, Bi Zuhura," nikamjibu. "Ni maziwa na zile tende."

"Tende tatu! Tende tatu ndizo zimuue mtu? Mimi nimezaa saba, hakuna daktari aliyewahi kuniuliza nimekula nini!"

"Na hao saba, uliwazaa umelala?"

"Nilale vipi? Nilikuwa macho kabisa. Yule wa nne nilipiga kelele mpaka mwadhini akanyamaza!"

"Basi leo Halima atakuwa macho kama wewe."

Akamtazama mkwewe pale kwenye troli, akaona kumbe tende tatu zake zingeweza kuleta jambo gani. Niliona uso wake ukizeeka pale pale. Akamwinamia Halima, akamnong'oneza kitu sikioni ambacho sikukisikia na sikuuliza, akaokota mkoba akarudi kwenye benchi. Nilihesabu hatua zake pia. Zilikuwa nyingi.

Ndani, Daktari Barasa akakaa kwenye kistuli chake, mimi nikasimama upande wa pili wa kichwa. Nilikuwa sina kazi ya kusimama hapo, lakini Halima hakuachia mkono wangu na daktari wa mayai akasema, "Mwache Mama Ndinda." Ganzi ikaingia. Sindano ya kwanza ilipoingia, Halima aliuma meno, macho yakamtoka.

"Nisimulie," nikamwambia.

"Nini?"

"Asubuhi. Tulifika kwenye tende. Halafu?"

"Halafu... tukatoka. Mume wangu akafunga mlango."

"Kwa kufuli au komeo?"

"Kufuli. Lile la... mama yangu!"

"Pumua. Kufuli la nini?"

"La zamani. Halifungi mpaka ulipigepige."

"Akalipigapiga mara ngapi?"

"Mama, hata sijui! Mara tatu!"

Kutoka dirisha dogo la maabara, yule kijana wa darubini akaita, "Moja!" Yai moja limeonekana. Halima akageuza kichwa. Aliyelala hajawahi kusikia hiyo sauti. Miaka yote hiyo inaitwa "moja" na "mbili," na mwenye mayai yuko mbali. Huyu alisikia. Akasema, "Endelea, daktari."

Tuliendelea. Tulipita dukani kwa muuza maharagwe, tukapita kwa kina mama wanaofagia, tukakutana na mbwa aliyemfukuza mume wake mpaka barabarani. Nadhani mbwa alimtunga, lakini alimtunga vizuri, Sista Makena alicheka ndani ya barakoa. Mara mbili Halima alisema "acha," na mara mbili waliacha, akapumua, akasema "haya." Mkono wangu uliuma siku tatu. Mwisho sauti ya dirishani ikasema, "Tano." Tukangoja. Hakukuwa na ya sita.

"Ni tano?" Halima akauliza.

"Tano."

"Nilihesabu," akasema, huku machozi yakiingia masikioni. "Nilikuwepo, nikahesabu."

Daktari Barasa alikuwa bado anaangalia kifua chake, kwa mazoea.

Katika hayo matano, mawili yalikua, na mmoja akakaa tumboni. Msichana. Msije mkadhani hivyo ndivyo inavyokwenda, maana wengi nimewasukuma na hawakupata, na kuna waliofuata kila neno la Daktari wakaenda nyumbani mikono mitupu. Msimwahidi mtu mtoto kwenye korido. Hiyo si kazi ya troli. Kazi yetu ni aingie akiwa ametulia na atoke akiwa hai.

Wiki iliyofuata Sista Makena alibadilisha ile karatasi. Pale palipokuwa na "Umekula?" sasa kuna mstari mrefu: tangu ulipolala jana, nini kimepita mdomoni: chai, uji, maziwa, maji ya baraka, kombe, dawa ya bibi, chingamu. Wasichana wa mapokezi walicheka walipoiona. Mmoja akaniambia, "Mathe, hii ni menyu ama?" Ni nzuri, itumieni. Lakini karatasi inajibiwa mtu akiwa amekaa na watu wake. Zile hatua thelathini na nne ni zake peke yake. Msizipite mkiangalia simu.

Wiki yangu ya mwisho, nilifika asubuhi nikakuta benchi limejaa watu wa nyumba moja. Bi Zuhura, wima vile vile, na mzee wake. Halima, amenenepa vizuri, na msichana wa miaka minne aliyekuwa anajaribu kuvaa soksi zangu mikononi. Na kwenye kitanda cha kungojea, Mwanaisha, binti wa mwisho wa Bi Zuhura, wifi yake Halima. Zamu yake ilikuwa imefika. Bi Zuhura akanisalimia kwa kichwa tu. Nikamsalimia kwa kichwa.

Nikatoa breki.

"Nisimulie asubuhi yako, Mwanaisha. Nani aliamka wa kwanza?"

"Mama. Nani mwingine?"

"Halafu?"

"Nikasikia kiu kidogo, nikaenda jikoni. Nikakuta kufuli."

"Kufuli? Nani alifunga?"

"Mama. Tangu jana baada ya swala ya Isha, nilipomaliza kunywa kombe. Ufunguo ameulaza kifuani. Hata kaka yangu amekosa maji ya kunyolea ndevu, yalikuwa jikoni."

Kutoka nyuma yetu, hatua kumi na tano huko, sauti ya Bi Zuhura ikatufuata. "Na ufunguo bado uko hapa hapa! Mwambie auguse!"

Korido nzima ikacheka, Mwanaisha akicheka kuliko wote, na mtu anayecheka hivyo hawezi kushikilia pumzi. Tukafika. Daktari mpya wa usingizi, kijana mzuri, anajifunza, alikuwa amesimama mlangoni na ile karatasi. Akaipitisha macho, halafu akaniangalia mimi.

"Mama Ndinda, amekula?"

"Daktari," nikamwambia, "hata baba yake amekuja bila chai."